Kakakuona Juu ya Sabuni

Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Kwanza nahesabu mali, kisha namhesabu aliyeileta. Enzi za Wabelgiji, pale sokoni Kindu, asiyefanya hivyo alirudi nyumbani na kikapu chepesi na hadithi ndefu. Kwa hiyo jirani yangu, mjane aliyekuwa akipika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba yake, aliponiambia anataka kuuza sabuni isiyo na udanganyifu, nilimwomba arudie. Nilidhani moshi ulikuwa umeniingia masikioni.

"Bila udongo," alisema. "Na kila mche uzito wake kamili."

"Sasa mama, faida itatoka wapi?"

"Kwa watu kurudi."

Katika soko letu watu walirudi kugombana tu. Wapikaji wote wa sabuni walikuwa wakichanganya ule udongo mweupe wa kando ya mto, nami nilikuwa nimewauzia wengi wao sabuni yao mezani pangu bila kukosa usingizi. Lakini mama huyu alikuwa jirani wa ukuta mmoja, na nilijua kilichokuwa kikimkimbiza.

Marehemu mume wake alifanya kazi ya reli. Homa ilipomchukua, mdogo wake aliyekaa Kibombo akaja msibani, na baada ya msiba akasema lile ambalo kila mtu alilingojea: mke wa kaka ni wake kumtunza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili na mlango mzuri wa mbao. Alimwambia mama, "Kazi yako ikikulisha, kaa. Isipokulisha, mvua zikianza nitakuja na treni kukuchukua." Mama hakubishana naye. Kwangu mimi alisema, "Niliolewa na yule. Sikuolewa na ukoo mzima." Basi sabuni ile ndiyo iliyomshikilia Kindu, na kiangazi kilikuwa tayari kimeanza.

Shida ilikuwa moja. Sabuni zote hufanana mpaka zikutane na maji, na zikikutana na maji pesa imeshabadilisha mfuko. Wauza udongo walipoona wanawake wanaulizia sabuni ya mjane, wote wakawa wanauza sabuni ya mjane. Nilimwambia, "Mama, tuipe alama. Igandamizwe kwenye kila mche ungali laini, mtu aijue kwa macho kabla hajafungua kitambaa cha pesa."

Tulikaa uani kwake tukamwita fundi mchonga makasia, mtu aliyekuja kutoka upande wa Kasai, mkono wake mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Alichora kwa mkaa juu ya ubao, sisi tukikataa.

Nilianza na mizani. Fundi akacheka mpaka mkaa ukamdondoka.

"Mizani? Ile ya wanunuzi wa pamba, ya kupunja? Watu watakimbia na nguo chafu."

Msalaba ungewaudhi Waislamu, mwezi ungewaudhi wa misheni, na pande zote mbili hufua nguo. Nyota ilikuwa kwenye bendera ya serikali. "Watafikiri njo sabuni ya kodi," alisema fundi, kwa ile "njo" ya kwetu iliyo "ndiyo" kwenu. Nikapendekeza mkono ulio wazi, mkono safi. Nilijiona nimesema jambo la maana. Mama alikuwa akikoroga sufuria, akaacha kukoroga.

"Mukono bila mutu?" aliuliza. "Bibi yangu aliiona ya namna hiyo, wakati wa kodi ya mpira, ya wale walioleta kidogo. Ilikuwa ndani ya kikapu."

Fundi aliufuta ubao kwa kiwiko kabla sijajibu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kakakuona. Mwuza mpunga mmoja wa Pangi alikuwa ameniambia, tukivutana bei, kwamba kakakuona ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba: waliyatazama magamba yake, moja juu ya jingine, wakapanga majani vivyo hivyo, na mvua ikabaki nje. Nikamweleza mama. Mnyama asiye na meno. Haibi kuku wa mtu. Ukimtisha hujikunja. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema, "Huyu hana udongo ndani."

Fundi alimchora wa kwanza akawa nanasi. Wa pili akawa samaki mwenye huzuni. Wa tatu alikuwa kakakuona mwenyewe, pua chini, mkia mrefu. Na hapo tukaongeza ujanja ambao sote tuliufurahia. Sabuni yetu watu wengi waliinunua kwa vipande. Mche mzima ulikuwa wa wenye mshahara. Basi tulimlaza mnyama kwenye urefu wote wa mche, kichwa huku na mkia kule, ili hata anayenunua kipande apate kipande cha alama, ajue hakudanganywa. Fundi alichonga muhuri kwenye mti mgumu. Mama aligandamiza mche wa kwanza, akauinua kwenye mwanga, na kila gamba lilikuwa na kivuli chake. Sijui kusifu vitu, maana ukisifu bei inapanda, lakini siku ile nilisifu.

Bahati ikafuata haraka mno. Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, wa kambi moja ya machimbo huko Pangi alikuwa amekuja mjini kupokea bidhaa za kambi zilizoshuka kwenye treni. Aliinusa sabuni, akailamba kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema ni nzuri. Alama aliitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, lakini yeye alikuwa mzaliwa wa Lubutu, si mwenyeji wa Pangi, akageukia bei. Alichukua masanduku mawili ya kujaribia. Yakiisha, angechukua mengine kila mwezi. Niliyahesabu yakipakiwa kwenye gari, kisha nikayahesabu tena kwa raha tu. Mama alinunua sufuria kubwa zaidi.

Dalili ya kwanza ilikuja sokoni, katika umbo la mzee mmoja wa Pangi aliyevaa koti juu ya kikoi. Alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu.

"Huyu njo nani?"

"Sabuni, muzee."

"Sikuuliza inafanya nini. Nauliza huyu njo nani."

"Kakakuona."

"Na unamukata?"

Nilishika kisu kwa uchangamfu wa kibiashara. "Muzee anataka kipande gani?"

"Kichwa ni cha nani?"

"Kichwa ni cha anayelipa."

Alirudi nyuma hatua moja, akajifuta mikono kwenye koti, ingawa hakuwa ameshika chochote. "Weka kisu chini, mutoto wangu," alisema kwa upole, kama anayezungumza na mtu aliyekaa juu ya nyoka. Kisha akaenda zake. Nilidhani ananivuta bei. Nilimngoja arudi.

Aliyerudi ni kapita, na masanduku yake. Tuliyafungua uani kwa mama. Miche yote ilikuwa mizima, imepangwa kama ilivyopangwa na mama mwenyewe.

"Haikununuliwa?" mama aliuliza.

"Haikukatwa," alisema kapita. "Mama, wenyeji wa kule ni Warega. Kwao kakakuona si nyama ya hivihivi. Akionekana amekufa porini, wanaitwa wazee wenye vyeo, na kila kiungo kina mwenyewe: kichwa cha fulani, kifua cha fulani. Ukimukata ovyo, unaita msiba nyumbani mwako. Wanawake walipewa mche wagawane mtoni. Wakaketi, wakautazama, kila mmoja anamwambia mwenzake shika kisu. Wakarudi na nguo chafu."

"Si wangenunua mche mzima?" nilisema.

"Kwa mshahara gani, ndugu?" Akashusha sauti. "Na si hivyo tu. Bulamatari, serikali yenyewe, amekataza chama cha wale wazee. Wameficha vitu vyao vyote, na ninyi munawaletea mnyama wao juu ya sabuni. Wazee wanasema munawachekea. Polisi wa kambi anasema munawasaidia."

Mama alikaa juu ya sanduku. Aliuliza jambo moja tu: "Nikimfuta, utaichukua?"

"Nitachukua sabuni isiyo na mutu juu yake. Gari linaondoka keshokutwa."

Tulichukua visu tukaanza kukwangua, mama, mimi na fundi, magamba yakianguka miguuni kama ya samaki. Fundi, aliyezoea kuchonga mti, alikwangua kwa huzuni. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya ilikuwa ikimtoka mikononi mara ya pili. Kesho yake jioni miche ilikuwa laini, mitupu, kama nyuso za watu waliolala. Mama akaleta mizani yake. Akapima mmoja, akapima mwingine, akaweka mikono mapajani.

"Imepungua."

"Kidogo tu, mama. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Siku ile nilivutana na mtu kuliko nilivyowahi kuvutana na mnunuzi maishani. Nilimwambia wauza udongo wanapunja zaidi ya hapo na wanalala vizuri. Nilimwambia auze kwa bei ya chini. Kapita, aliyekuja kuulizia mzigo, akasema kambi ina bei moja na uzito mmoja, haina nafasi ya maelezo. Nilimtajia mama ile treni. Nilimtajia mke mkubwa na mke mdogo wa Kibombo. Alinisikiliza mpaka nikakauka koo, akanipa maji, akasema, "Ndugu, nikiuza hii, nitakuwa nimekaa Kindu kwa ajili ya nini?"

Nilikunywa yale maji, nikamwashia moto.

Aliirudisha yote kwenye sufuria mpya, aiyeyushe na kuimimina upya. Lakini sabuni iliyoyeyushwa haikauki kwa usiku mmoja. Gari la kapita liliondoka na sabuni ya watu wengine, nzito, nyeupe, yenye udongo wa kutosha kujengea nyumba. Ya kwetu ilipokauka niliipeleka sokoni bila alama, maana mama hakutaka tena kumchekea mtu wala kuitwa na polisi. Wanawake waliigeuza huku na huku. "Hii njo ile ya udongo?" Fundi alijitolea kuchonga kitu kingine, mstari, duara, chochote. Tulipiga mstari, baada ya wiki soko zima lilikuwa na mstari. Kakakuona peke yake ndiye ambaye hakuna mwizi aliyethubutu kumwiga.

Mvua zilianza. Shemeji yake wa Kibombo akaja na treni kama alivyosema, viatu vyake safi, akapeana mikono na kila mtu. Alinunua hata mche mmoja, akaunusa. "Iko nzuri, shemeki," alimwambia mama. "Kule utakuwa unatupikia ya nyumbani." Nadhani alimaanisha wema. Mama alikunja mkeka wake. Stesheni nilihesabu mizigo yake, kisha nikaihesabu tena, na ilikuwa michache mara zote mbili. Muhuri aliniachia mimi. "Wewe utapata wa kumwuzia," alisema, na hilo ndilo lililokuwa la mwisho.

Sikupata. Mti ule ni mgumu mno kwa kuni na mdogo mno kwa kitu kingine chochote.

Nilikuwa nimebakiwa na mche mmoja ambao hatukuukwangua, nimeuweka juu ya boriti. Kila nilipotaka kufua niliushusha, nikashika kisu, nikautazama, nikaurudisha. Mimi si Mrega, sina cheo, na sikumjua wa kumpa kichwa. Mwishowe panya wakauona. Sabuni safi ya mawese panya huipenda. Walianza na mkia, wakapanda mpaka kifuani, na hawakumwuliza mtu.