Uzi Uliokwisha Kabla ya Kidonda

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Mama yako, dada yangu Mwaka, aliletwa hospitali mjini kutoka Jambiani, homa imempanda, na wewe hujatimiza arubaini. Mimi nilikuwa muuguzi mpya, sare bado inanipwaya.

Alichanika alipokuzaa, akashonwa kwa uzi wa utumbo wa kondoo, ule ambao mwili huula wenyewe. Ulikuja umelowekwa kwenye dawa yenye harufu kali. Nyinyi wa leo mnashonwa kwa uzi wa kiwandani, hamuyajui hayo. Zamani zaidi, bibi yako aliposhonwa kwa hariri, ilimlazimu arudi kutolewa nyuzi. Iliuma, lakini aliyetoa nyuzi alikikagua kidonda, na mpaka aliposema amepona ndipo bibi yako aliposhika kazi. Kwa hiyo kwetu nyuzi kutoka ndiko kupona.

Basi bibi yako alipotazama kidonda cha mama yako asione uzi, alimwambia Mwaka amepona. Mwani aliolima baharini ulikuwa umekomaa, maji ya bamvu, yale yanayokupwa na kujaa sana, yamefika, na mwani usiovunwa huchukuliwa na bahari. Mama yako akaingia majini hadi kiunoni, akaburura magunia yaliyorowa. Kidonda kikafumuka, uchafu ukaingia.

Pale hospitali nilimlilia Bi Shemsa, muuguzi wetu mkuu, nikasema nyuzi zilikuwa zimeshakwisha kidondani. Hakunibembeleza.

"Uzi unaliwa kwa siku zake, nyama inashikana kwa siku zake," alisema. "Nani kakwambieni vinakwenda pamoja?"

Mama yako alifariki kabla ya adhuhuri. Bibi yako hakugusa mwani tena maisha yake yote, na mimi sikumlaumu. Alifuata alichokijua, nacho kilikuwa kweli kwa uzi wa zamani.

Sasa nawe umejifungua, umeshonwa. Jungu kuu halikosi ukoko, nisikilize hata kama nakuchosha. Uzi wako nao utaliwa na mwili, hakuna atakayekuja kuutoa, basi usingoje kuitwa: rudi mwenyewe ukaguliwe. Kinachokushikilia kikiondoka, usidhani umeshapona. Kaa arubaini yako yote, na mumeo akisema kazi zinaharibika, mwambie aje aniulize mimi. Kawia ufike, mwanangu.

Mola akuponye ndani na nje, akujaalie asichojaaliwa mama yako: kumwona mwanawe akitambaa.