Mikunjo ya Mkono wa Kulia

Bibi mmoja alianza kupiga pasi kwa dobi wa mtaani wakati mwanawe mwenyewe wa kwanza hajaota meno, na mwana huyo sasa ana ndevu. Meza yake ilikuwa ya dirishani. Meza ya pili ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Walinyoosha mashuka ya nyumba za wageni kutwa nzima, na midomo yao ilichoka kuliko mikono.

Siku moja yule dobi, tajiri wao, mtu wa sauti ya pole, akamwita pembeni.

"Dada yangu, kazi imepungua. Kuanzia kesho njoo asubuhi tu, saa sita uende zako." Akachungulia mlangoni. "Na usinitaje, lakini wifi yako ndiye aliyeomba apewe jioni. Anasema wewe umechoka."

Nusu ya siku ni nusu ya mshahara, na mumewe alikuwa hana kazi tangu mgongo umkatae. Lakini kilichomkaa kooni ni wifi. Akakumbuka alivyokuwa akimuuliza, "Hujachoka wewe?" Kumbe ule haukuwa upole, alikuwa akimchimba. Basi akamnunia. Wifi akija kumjulia hali kaka yake, yeye hujitia kuosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa.

Sasa wifi huyo ni wa mkono wa kushoto. Mashuka yake yakikunjwa, ukingo hulala kushoto. Ya huyu bibi hulala kulia. Walizoea kutaniana kuwa rafuni mashuka yamepeana mgongo kama mume na mke waliogombana.

Asubuhi moja akaingia, akaiona rafu imejaa hadi juu. Jana saa sita aliiacha tupu, gari lilikwisha kubeba kila kitu. Ya juu machache yalikuwa ya wifi. Chini yake, rundo zima, ukingo umelala kulia, tena umepinda. Akalipitishia kidole. Hii si kazi ya wifi, wala si yake. Na kazi iliyopungua haijazi rafu.

Alipotoka akaenda moja kwa moja kwa wifi yake.

"Leo umepotea njia?" wifi akauliza, hata kuinuka hakuinuka.

"Kazini unaingia saa ngapi?"

"Saa kumi. Si ulimwambia tajiri mimi mvivu, nipunguziwe?"

"Mimi?"

"Wewe. Aliniambia nisimtaje."

Bibi naye akamweleza aliyonong'onezwa pembeni.

"Na mchana anapiga pasi nani?"

"Nilidhani wewe. Nikasema, mke wa kaka yangu ana tamaa mpaka mikunjo inampinda."

"Mikunjo yangu haipindi."

"Ndiyo maana nilishangaa," wifi akasema, akamsogezea kiti.

Kesho yake alipotoka saa sita, wifi alikuwa akimngoja nje. Wakaenda kwa afisa wa kazi, aliyewasikiliza huku akijipepea kwa faili. Akawaambia saa zao ni mapatano ya pande mbili. Tajiri hawezi kuzikata peke yake, hata biashara ikiyumba sharti awaite wakubaliane. Na malipo waliyopunjwa wana haki ya kuyadai.

Siku iliyofuata saa sita ikapita, bibi hakutoka. Wifi naye akaingia. Mezani kwake akamkuta msichana na pasi, kibarua anayelipwa kwa kila shuka.

"Samahani, shangazi," msichana akasema. "Niliambiwa mmeacha kazi."

Tajiri akatokea, akamgeukia bibi. "Dada yangu, zamu yako imekwisha."

"Zamu yangu ni ile tuliyopatana siku uliyoniajiri. Ukitaka kuibadilisha, tuite sote tukae. Afisa wa kazi amesema yuko tayari kuja kusikiliza."

"Mmeanza kunichunguza?"

"Ulitupa macho ya kuchunguzana," wifi akadakia. "Tumeyageuza tu."

Tajiri akaona mambo yamemgeukia. Wakarudishiwa kutwa yao, na msichana akawekewa meza ya tatu, maana kazi kumbe ilikuwepo tele. Malipo yaliyokatwa, tajiri akaapa, yatakuja mwisho wa mwezi.

"Unamwamini?" wifi akanong'ona.

"Hata wewe bado nakufikiria."

Wifi akacheka mpaka akaunguza foronya. Mwisho wa mwezi malipo yalikuja, pungufu, wakarudi kwa afisa, yakatimia. Na huyu bibi mpaka leo akiingia kazini haanzi kwa salamu. Anaanza kwa rafu.