Masega Kutoka Makambako

Kwetu Yakobi, kijiji cha Njombe, asubuhi husikika kabla ya kuonekana. Ukungu unakuwa umelala kwenye miparachichi hadi mlangoni, na wewe ukiwa bado kitandani unasikia ndoo ya jirani, jogoo, pikipiki inayokataa kuwaka, lakini ukifungua dirisha huoni hata banda la kuku. Mwaka ule nilikuwa nasikia pia kifua cha mume wangu. Alikuwa analala ameketi, mito mgongoni, maana akilala chali pumzi inakata. Mimi nilikuwa nalala huku namsikiliza, na sijui kama huko ni kulala.

Daktari alisema miaka mingi ya vumbi la mbao imemchosha mapafu. Akampa dawa ya kuvuta, akamkataza moshi wa aina yoyote. Jiko la kuni tukalihamishia nyuma ya nyumba. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, aliuacha mwenyewe, kwa hasira zake, bila kuambiwa na mtu. Kilichombakia ni misa ya Jumapili kule misheni, pembeni ya barabara ya Makambako, ambako aliimba besi tangu ujana wetu. Siku hizo alikuwa haimbi tena, anakaa tu katikati ya wenzake wa besi na kufungua mdomo wanapoufungua wao. Lakini akirudi kutoka huko alikuwa mtu mwingine: anataka viazi, anataka chumvi zaidi, anataka ugomvi. Nilikuwa naishi kwa ajili ya hizo Jumapili, nasema wazi.

Kisha gari letu likachoka nalo. Ni gari dogo la zamani, tulilinunua likiwa limeshatumika sana, na kwenye vilima vya Njombe likawa linavuta miguu kama mtu anayeitwa kwenda kulima. Fundi wetu wa mjini akainama chini yake, akasema masega yameziba. Masega ni kile kikopo cha chuma kwenye bomba la moshi; ndani yake kuna vitundu vingi vidogo, na moshi ukipita humo hupunguzwa sumu. Akashauri kile wanachofanya watu wote: tuyatoe, bomba libaki tupu, gari lipate nguvu. Tukayatoa, na kweli likapata nguvu.

Likapata na harufu. Kwetu hakuna anayeendesha asubuhi na vioo vimeshushwa, baridi itakukata masikio, kwa hiyo moshi ulioingia kwa mlango wa nyuma, ambao mpira wake ulikuwa umechakaa, ulikaa nasi humo ndani, mkali, unaokwaruza koo. Jumapili ya kwanza mume wangu alikohoa njia nzima, na tulipofika hakuweza kushuka. Tulisikiliza misa tukiwa ndani ya gari, kwa mbali. Jumapili iliyofuata akasema ana usingizi. Jumapili ya tatu aliketi tu na kanzu yake ya kwaya mapajani, imekunjwa. Nilimwona nikaogopa. Mtu akishazoea kukosa Jumapili atazoea kukosa na siku nyingine.

Nikamwendea fundi nikamwambia arudishe masega. Alinitazama akadhani natania. Watu huja kwake kuyatoa, hajawahi kuona mtu anakuja kuyadai. Nilipomweleza habari ya kifua, akaacha kucheka, akavua glavu. Kwanza alibadilisha plagi moja iliyokuwa haichomi, maana hiyo ndiyo iliyoharibu masega ya zamani na ingeharibu hata mapya. Akaweka mpira mpya kwenye mlango wa nyuma. Halafu mimi na yeye tukashuka Makambako, huku vioo vyote viko wazi na mimi nimejifunga kitenge kichwani hadi puani.

Makambako daima hunifanya nijisikie niko mahali ambapo si mwisho wa safari ya mtu yeyote. Malori yanapumzika, yanaondoka, upepo unapita juu ya yote na kubeba vumbi na harufu ya mahindi ya kuchoma. Nyuma ya maduka kuna uga wanakouza spea za magari yaliyochinjwa. Milango iko peke yake, taa ziko peke yake, viti vimepangwa ukutani kana kwamba vinasubiri wageni. Muuza spea akatuwekea masega ya aina tatu juu ya gurudumu.

Ya kwanza yalikuwa mapya, yanang'aa, na moyo wangu ukayapenda papo hapo. Fundi akayapima mkononi, akasema ni mepesi mno, ndani hamna kitu cha kudumu. Ya pili yalitoka kwenye gari kubwa, mazito, mazima, ila bomba lake lilikuwa pana na yangetaka kukatwa na kuchomelewa pande zote. Ya tatu yalitoka kwenye gari lenye injini kama yetu. Nje yalikuwa na kutu nzito. Fundi akayatikisa, hayakulia. Akanionyesha tundu la sensa, kile kifaa kinachopima moshi, liko pale pale panapotakiwa. Kisha akanipa, akaniambia nitazame mwangani.

Nikayainua. Niliiona anga ya Makambako imegawanywa vipande vidogo vidogo, vingi kuliko vya chujio la chai, na kila kipande kina mwanga wake. Nadhani nilikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyompasa mteja. Nilikuwa nawaza kwamba kifuani mwa mume wangu pia kuna vitundu, na hakuna uga wa kwenda kuvichagua vingine. Muuza spea akauliza kama kuna kasoro. Nikasema hapana, nachukua haya.

Tuliporudi, fundi akayafunga uani kwetu, na Jumapili nikamwandaa mume wangu. Kwetu mgonjwa hutangulizwa. Kabla ya mtu mwingine yeyote, unamshika mkono, unamketisha mbele, unamfunika blanketi, unafunga mlango, unawasha gari lipate moto. Ndipo wenye afya waanze kutafuta ufunguo wa nyumba, rozari na sadaka. Nikafanya hivyo hivyo, kwa madaha, kwa kuwa nilikuwa na uhakika. Niliporudi na rozari nikamkuta anakohoa, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Harufu ilikuwa imejaa.

Nikamtoa, nikamketisha kwenye benchi karibu na mlango wa jikoni. Nikalitukana lile gari, nikamtukana muuza spea, nikaitukana Makambako nzima na upepo wake. Nikasema kesho nayarudisha, nitamtupia miguuni. Mume wangu alisubiri pumzi yake irudi. Katika hasira zangu sikuwa nimezima injini, ikawa inanguruma polepole kwenye ukungu, na mimi nikaishiwa na matusi.

"Mama," akasema, "hebu nusa."

Nikanusa. Kulikuwa na ukungu, kinyesi cha kuku, na mikaratusi.

Siku ya kuyafunga fundi alikuwa ametuambia, mimi na mume wangu tukiwa tumesimama pale, kwamba masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto, na kwa baridi ya kwetu huchukua muda. Tulisikia. Lakini nani angemwacha mgonjwa asimame nje kwenye umande huku gari linapashwa?

"Heshima yenu hii itanifukiza kama nyama," akasema. "Kuanzia leo nipakieni mwisho, kama mzigo." Akacheka kidogo kidogo, kwa kuhesabu pumzi.

Akaingia mwisho. Nikaondoa gari taratibu, vioo vimefungwa, blanketi likiwa hadi kidevuni mwake. Tulipita katikati ya mji uliokuwa bado haujaamka vizuri, tukaingia kati ya misitu ya paini, na ukungu ukawa unafunguka mbele yetu na kufunga nyuma. Nilikuwa nasubiri kikohozi. Nilikuwa nimekikazia mabega. Baada ya kitambo nikageuka nikaona kichwa chake kimelala kwenye kiti, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Alikuwa amelala. Sikuwa nimemwona amelala hivyo tangu masika.

Njia ya misheni ikatokea kushoto. Niliwaona watu wa kwaya wakishuka kwa miguu na kanzu zao mikononi, mmoja akatupungia. Sikupunguza mwendo, gari likisimama angeamka. Nikapita. Barabara ikaanza kuteremka, ukungu ukapungua, mashamba yakatokea yamelowa, na mimi nilikuwa nalia bila sauti ili nisimwamshe.

Mbele kidogo akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Bado, baba," nikamwambia. "Lala."