Leta Gari, Upesi

Mimi ni Mkenya. Nimeishi Kampala miaka kumi na mmoja nikiuza pampu za maji, na Kiganda ninachokijua ni cha kununulia matoke tu. Kwa hiyo natumia Kiswahili, na katika mji huu Kiswahili kina mambo yake. Wengi wa rika langu walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kwa watu wenye bunduki. Ukikisema kwa upole watakujibu kwa Kiingereza. Ukikisema kwa sauti ya juu, bila "tafadhali", watu wanakupisha.

Nilichelewa kuligundua hilo, na nilipoligundua nilipata wazimu kama mtoto aliyenunuliwa filimbi. Sokoni Nakasero nilipishwa foleni. Walinzi wa mageti walinifungulia bila kuniuliza naenda kwa nani. Mke wangu hakupenda hata kidogo. "Wewe endelea tu," aliniambia, "ipo siku utamfokea askari wa kweli." Nilicheka. Nilikuwa mjinga, tena mjinga anayejipenda.

Kuna hoteli moja Nakasero ambako wateja wangu hupenda tukutane. Barabara za pale hazina nafasi ya kuegesha, basi unashuka mlangoni, unamkabidhi mtu ufunguo, naye analipeleka gari kwenye uwanja wa nyuma. Anakupa kadi ya plastiki yenye nambari. Kadi nyingine yenye nambari hiyohiyo anaifunga kwenye ufunguo wako na kuutundika ubaoni, ndani ya kibanda chake. Unapotoka, kadi kwa kadi, ndipo gari linaletwa. Ukiipoteza, unarudi ndani, unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho na karatasi za gari, na msimamizi anatia sahihi. Masharti hayo yote yameandikwa nyuma ya kadi, na nilikuwa nimeyasoma.

Mtu wa funguo alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, amenizidi umri kidogo, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Magari ya watu aliyaendesha polepole kwa mikono miwili, kama amepakia mayai. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Yeye alipenda Kiswahili changu. "Hii yako ni ile safi, mkubwa," aliniambia. "Sisi yetu ni ya kambi tu."

Siku moja nilitoka hotelini mbio. Mteja alikuwa ananingoja Kyambogo, mawingu yamejaa, nami nikapapasa mifuko yote nisiione kadi. Nilifikiria ile fomu, nikafikiria yule msimamizi anavyotia sahihi kana kwamba anachonga kinyago. Nikasimama mbele ya kibanda nikapaza sauti: "Leta gari, upesi!"

Yule mzee aliruka. Sisemi kwa utani, aliruka kutoka kwenye kiti chake, akashika ufunguo, na kabla sijamaliza kufunga vifungo vya koti gari langu lilikuwa mlangoni. Alipokuwa ananifungulia mlango ndipo alipokumbuka. "Lakini kadi, mkubwa?"

"Kadi nitakuletea. Wewe si unanijua?"

"Nakujua," alisema.

Kadi niliikuta chini ya kiti cha gari, nikamrudishia kesho yake. Lakini nilikwisha kuonja. Tangu hapo sikuwa naitafuta tena. Nilikuwa nikitoka, naita kutoka ngazini, "Leta gari, upesi!", na gari linaletwa. Watu waliokaa ngazini wakingoja magari yao, kadi mkononi, walikuwa wananitazama, nami nilifurahia kutazamwa. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilikuwa naujua msemo huo tangu shule ya msingi, na haukunisaidia kitu.

Siku ya siku ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua kali. Nilikuwa nimekula vizuri na mteja amekubali bei, hata kadi yenyewe nilikuwa nayo mkononi. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti chake, ametulia. Aliponiona alishangaa.

"Mkubwa, umesahau kitu?"

"Nataka gari."

"Gari ile si umetuma afande achukue?"

Alinieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyokuwa inapungua. Kuna mtu alikuja, mtu mnene, miwani nyeusi. Hakusalimia. Alisimama palepale ninaposimama mimi akasema, kwa Kiswahili, "Leta ile gari ya Mkenya, upesi, anangoja kule juu." Mzee akaleta. Gari langu, na pampu mbili za maonyesho ndani yake, lilitoka getini na askari wa geti akalipigia saluti.

Nilimtukana. Nilimwita mwizi mbele ya wageni wa hoteli, mtu ambaye kila mara alikuwa akikirudisha kiti cha gari langu nyuma kama nilivyokiacha. Nilisema lazima wamegawana. Nilikuwa na hasira ya kweli, lakini chini ya hasira palikuwa na woga, maana nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

Tuliitwa ofisini kwa meneja: mimi, mzee, na msimamizi wa walinzi. Meneja alizungumza Kiingereza, polepole, kalamu mkononi. Alimuuliza mzee kwa nini alitoa gari bila kadi. Mzee alisimama wima, mikono ubavuni, akajibu kwa Kiswahili huku msimamizi akitafsiri.

"Mimi nilisikia sauti ya mkubwa. Kama mkubwa anaamuru namna ile, mimi natoa. Hata huyu mwenyewe, mara mingi anachukua bila kadi. Muulize."

Meneja akanigeukia. Ilikuwa kweli, alitaka kujua, kwamba nilikuwa na desturi ya kuchukua gari bila kadi?

Nilijua nyuma ya kadi pameandikwa nini. Mteja anayevunja utaratibu, hoteli haitawajibika kwa gari lake. Nikikubali, gari limekwenda na hakuna wa kumdai. Nikikana, mzee ni mwongo, na mwongo aliyetoa gari ni mwizi. Niliyajua yote mawili, tena vizuri sana, wala siwezi kusema nilibabaika.

"Sikumbuki jambo kama hilo," nilisema.

Mzee alinitazama kidogo tu, kama mtu anayesoma nambari ya nyumba kuhakikisha hajakosea mlango, kisha akatazama mbele. Jioni ile alifukuzwa kazi na kukabidhiwa polisi. Alilala mahabusu siku mbili.

Siku ya tatu gari lilionekana limeachwa kando ya barabara, si mbali na Kyambogo. Betri hakuna, pampu hakuna, lakini gari zima. Polisi walimwachia mzee kwa kukosa ushahidi. Kila mtu alinipa pole kisha hongera. Kanisani nilitoa ushuhuda jinsi Mungu alivyonirudishia gari langu, na watu wakapiga makofi. Mke wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu na anayezijua tabia zangu zote, hakupiga.

Baada ya wiki tatu mzee alikuja dukani kwangu. Alikuwa na lile shati lake, limepigwa pasi vilevile. Niliogopa kwamba amekuja kunishtaki au kunilaani, nikaanza kumwagizia soda. Hakutaka soda. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala, lakini walisikia habari za hotelini na walitaka barua kutoka kwa mwenye gari, kwamba yeye si mwizi. Bila barua ile, hapati kazi. Nyumbani kuna wajukuu wanne.

"Andika tu kama ilikuwa, mkubwa," alisema.

Sikutaka wafanyakazi wangu wasikie, basi nikampeleka Wandegeya, kwenye duka moja la kuchapisha. Kumbe nimeruka majivu nikakanyaga moto, maana lilikuwa limejaa wanafunzi wamepanga foleni na karatasi zao. Binti wa kompyuta alituketisha kwenye benchi. Nilimsomea barua kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, naye akapiga chapa. Niliona imekuwa nzuri. Mzee akaomba nimsomee kwa Kiswahili.

Nikamsomea. Kwamba namfahamu, ni mtu mwaminifu. Kwamba mara kadhaa, kwa kuwa tulizoeana, nilimwomba anipe gari bila kadi, naye kwa wema wake akanikubalia.

"Hapana," alisema mzee.

"Hapana nini?"

"Hukuniomba."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, bila ukali. Binti aliondoa vidole kwenye kompyuta akatungoja. Nilitaka kumwambia mzee kwamba neno lile halina madhara, kwamba barua itafanya kazi hivyohivyo. Lakini ukweli ni kwamba nililiweka kwa ajili yangu mimi. Mtu aliyeombwa na akakubali amefanya uzembe. Wa kwangu hakuombwa, aliamriwa.

"Nifute, ssebo?" binti aliuliza.

"Futa."

Nikaanza upya. Safari hii nilitamka kwa Kiswahili kwanza ili mzee asikie, kisha kwa Kiingereza ili binti aandike. Kwamba nilimwamuru. Kwamba nilimzoesha kutii sauti badala ya kadi. Kwamba nilipoulizwa na meneja, nilikana, na niliyoyasema hayakuwa kweli. Nilisema yote hayo mbele ya vijana wa kuwazaa, na mmoja wao alikuwa ameshika simu yake mkononi, ameacha kuitazama.

Mzee alisikiliza hadi mwisho akiitikia kwa kichwa kila sentensi ilipomalizika. Nilitia sahihi. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili na kuiweka katika mfuko wa shati.

"Asante sana, mkubwa," aliniambia, na alimaanisha.

Afadhali angenitukana.