Ameanguka

Kanisa letu karibu na Sotik lilikuwa na kamati ya wazee saba, na katika hao saba hakuna aliyeweza kutofautisha mgonjwa na mlevi. Simwonei mtu. Nilikuwa karani wao, mwalimu kijana mwenye mwandiko mzuri, na ujinga wao wote niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulikuwa watu wa kuja. Tulitoka upande wa Kisii tukifuata mashamba na majani chai miaka ile baada ya uhuru, na mtu wa kuja hujichunga. Hatukunywa, hatukuvuta, na tulitaka sana majirani wajue kwamba hatunywi wala hatuvuti. Kwetu neno "kuanguka" lilikuwa na maana moja. Ukisikia ndugu fulani ameanguka, basi amekutwa kwenye pombe ya busaa au nyumbani kwa mke wa mtu. Aliyeanguka kwenye matope ilimbidi aeleze haraka kwamba ni matope.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa fundi wa mabati na mwimbishaji wa kwaya. Jumamosi moja mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa peke yake juu ya banda la kununulia majani chai, akipigilia bati lililong'olewa na upepo. Aliteleza, akaanguka, akagonga upande wa kushoto wa kichwa kwenye msingi. Alizimia kidogo. Kisha akaamka, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akamwambia dada ni jambo dogo, akanywa chai.

Asubuhi kichwa kilimuuma vibaya na hakuja kuimbisha. Ibada ilipokwisha, tulikuwa bado uani tukisalimiana wakati jirani yao alipofika mbio. Alikuwa mama wa Kikipsigis, mpishi wa busaa, na wazee wetu walizoea kuvuka barabara wakimwona.

"Mwalimu," aliniambia kwa lafudhi ya kwao, "nimetumwa na mama pale. Pwana yake ameanguka. Anaomba kari ya mzee, haraka."

Mzee mwenye gari alikuwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa na pikapu ya kupeleka maziwa, na alijiona kama yeye ndiye aliyeiumba. Alimtazama yule mama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mmesikia?" aliwauliza wenzake. "Ameanguka. Na angalieni anayeleta habari."

"Ni kichwa, mzee," mama akasema.

"Tumesikia, mama. Rudi kwako."

Halafu, badala ya kuwasha gari, aliitisha kamati. Shemeji aliitwa aje ajieleze. Nyumba yao haikuwa mbali, akaja ameegemea bega la dada. Dada aliachwa nje, kwa kuwa kamati haikusikiliza wake za washtakiwa. Alisimama mlangoni akapaza sauti kwa lugha yetu kwamba mumewe ameteleza kutoka juu ya bati, amegonga kichwa, apelekwe hospitali. Nilimsikia vizuri sana. Ni dada yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

"Mke lazima amfunike mumewe," mwenyekiti alisema. "Karani, andika."

Nikaandika: mke anamtetea.

Nikaendelea kuandika, kwa mistari iliyonyooka. Saa nane, mshtakiwa ameingia akipepesuka. Maneno yake hayashikani. Ameulizwa jina la mwenyekiti, akajibu "nyundo". Ametapika mbele ya wazee. Saa nane na nusu, kalamu aliyopewa atie sahihi imemwanguka mara tatu kutoka mkono wa kulia. Saa tisa, amelala wakati wa maombi. Mwenyekiti aliomba kwa muda mrefu siku hiyo, kwa sauti ya mtu anayejisikiliza, na alipofungua macho akakuta mshtakiwa anakoroma, alitikisa kichwa kwa huzuni yenye raha ndani yake. Tukaazimia: atengwe miezi mitatu.

Sikuona kitu. Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilifundisha watoto sehemu za mwili, na sikuona kitu.

Aliyeona ni mpishi wa busaa. Hakuwa amerudi kwake. Aliingia kamatini bila kubisha, akainama akamnusa shemeji mdomoni, kisha akatugeukia.

"Mimi nimepika pompe miaka mingi," alisema. "Naijua. Hii si pompe. Huyu anakufa, na nyinyi mnaomba."

Alitoka hadi barabarani akasimamisha lori la kampuni ya chai. Dereva alikuwa mteja wake, mlevi wa kweli, na siku hiyo hakuwa amegusa kitu. Walimbeba shemeji wao wawili na dada, wakamlaza juu ya magunia. Mimi nilipanda nyuma nikiwa bado nimekumbatia kitabu cha kumbukumbu kama mpumbavu. Mwenyekiti alibaki akiulizia ni nani atakayefunga kanisa.

Katika hospitali ya misheni daktari alimulika tochi machoni mwa shemeji. Mboni ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia. Aliuliza alianza kutapika saa ngapi, usemi ulibadilika lini, mkono ulilegea lini, usingizi ulimshika lini. Dada alikuwa analia. Nikafungua kitabu nikampa.

Alisoma polepole. "Nani ameandika hii?"

"Mimi, daktari."

"Umeandika dalili zote. Zote, na saa zake." Alifungua ukurasa wa pili, akaona azimio, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, na nilistahili. Alinirudishia kitabu, akaenda kumtoboa shemeji fuvu ili damu iliyoganda itoke.

Alipona, kama huko ni kupona. Mkono wa kulia haukushika nyundo tena, na maneno yalimjia moja moja, mengine yalikataa kabisa.

Miezi mitatu ilipokwisha, kamati ikasema lazima arudishwe kundini mbele ya watu wote. Nilisema hakuna kosa lililofanyika. Mwenyekiti akasema azimio ni azimio. Shemeji akasimamishwa mbele, koti lake jeusi limefungwa vifungo na dada. Alipambana na midomo yake hadi jasho likamtoka.

"Nili... anguka," alisema.

Alikuwa bado anatafuta neno. Nililiona likimhangaisha, nikajua ni "bati", na ningeweza kumtajia. Mwenyekiti aliruka akainua mikono.

"Amekiri! Bwana asifiwe!"

Kanisa zima likasema amina. Shemeji aliendelea kusimama pale mdomo wazi, akitikisa kichwa, mkono wa kushoto ukionyesha juu kwenye paa, na watu wakadhani anaonyesha mbinguni.

Nikafungua kitabu nikaandika: amekiri.