Kiti cha Fundi wa Vifungo

Mke wangu watu humwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni. Hata msibani huenda nayo. Alianza na cherehani moja sebuleni kwetu, mpaka mimi nikahamia kula jikoni. Leo ana karakana ya sare za shule, na mimi, mumewe wa ndoa kabisa, ni mkata vitambaa wake. Nikichelewa nasemwa mbele za watu.

Miaka yote hiyo aliajiri kwa moyo tu. Mtu akiuguliwa, alimpa ruhusa. Akifiwa, alimpa na nauli. Alidhani sheria ya kazi inaishia hapo. Basi akaitwa semina ya waajiri, na lahaula, akarudi mtu mwingine. Chakula kinapoa, yeye ananieleza hati za mshahara na michango ya hifadhi ya jamii.

"Baba watoto, kumbe likizo ya uzazi si hisani yangu. Ni haki yao, na mshahara wanapata."

Nikamuuliza likizo yangu mimi iko wapi. Akasema nimalize kwanza kukata kola.

Nilijua anamuwaza nani. Fundi wetu wa vifungo alikuwa mjamzito, naye akificha kwa nguo pana. Kazini alikotoka walimfukuza tumbo lilipoonekana, na mtoto wa kwanza alimlea kwa vibarua vya kufua. Lakini mimba haina siri jamani. Sote tulijua, tukanyamaza kwa kumstahi.

Sasa Mama Futi akitaka jambo, hulitaka jana. Hakungoja hata kuzungumza na mwenyewe. Asubuhi akaleta binti wa kushika nafasi, akamketisha kwenye mashine ya vifungo, kisha akaingia stoo kutafuta uzi. Fundi akafika, akakuta mgeni kwenye kiti chake. Alichukua mkasi wake, akageuka, akatoka.

Roho iliniuma, na hasira zikanipanda. Nikamwita bosi wangu kama ninavyomwita nyumbani: "We mwanamke, njoo uone ulichofanya."

Alitoka stoo mbio, mimi nyuma yake. Tulimkuta fundi mbele ya duka la jirani.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Si umeshapata mwingine, mama."

"Nani kakwambia? Yule anakushikia tu. Kiti ni chako, mshahara wako, na michango yako itaendelea kwenda. Ukajifungue, ulee, urudi."

Fundi akamtazama. "Kwani ulijua?"

"Nimezaa wanne mimi. Ulifikiri nadhani umeshiba?"

Akacheka, akalia, akacheka tena. Mke wangu akamkumbatia huku akijilaumu kwa papara zake, na haraka haraka haina baraka, hilo nilimkumbusha. Mimi nami machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi la vitambaa. Nilifurahi, sitaki kuficha.

Tuliporudi ndani, fundi alimwendea yule binti moja kwa moja. Karakana nzima ikasimamisha mashine. Binti akainuka kumpisha, lakini fundi akamshika bega, akamketisha, akavuta kigoda ubavuni mwake.

"Usivute uzi hivyo, mdogo wangu, utakatika," alimwambia. "Tazama mkono wangu. Nikirudi, nataka nikukute umekuwa fundi."