Santuri Mpya, Mdundo Ule Ule

Jumamosi iliyopita, siku ya soko Kwa Vonza, niliingia katika duka la santuri. Mwenye duka alikuwa akipiga santuri mpya ya bendi moja ya hapa kwetu Ukambani, iliyorekodiwa Nairobi. Magitaa yalitoka safi, bila ule mkwaruzo tuliouzoea.

Mwalimu mmoja mstaafu alitikisa kichwa. "Hii ni ngoma ya mwaka jana. Wameiosha na kuipiga pasi tu."

Mwanamume mwenye kofia aliyesimama kando yangu aliinamisha uso. Nilimtambua. Ndiye mpiga gitaa wa bendi hiyo, amekuja kimyakimya kusikia watu watasema nini. Sasa alianza kuelekea mlangoni.

Hapo mama mmoja muuza vyungu akatua mzigo wake sakafuni, akaanza kutikisa mabega kufuata mdundo. "Mwalimu, muthokoi tunaokula leo, mahindi yetu ya kukobolewa, si ni ule ule wa jana? Umewahi kumrudishia mama watoto sahani?"

Duka zima likacheka. Mwalimu naye alicheka mpaka akavua miwani. Mpiga gitaa akageuka, akavua kofia. "Asante, mama. Tangu tutoke studio sijalala vizuri."

Mama akamkazia macho, kisha akapiga kigelegele. "Kumbe ni wewe! Basi usithubutu kubadilisha!"

Mwalimu akaomba santuri igeuzwe. Nilipotoka, alikuwa katikati ya duka akitikisa mabega kumshinda yule mama.

Nimesoma wahakiki wanaohitaji kurasa tatu ili kubadilisha maoni yao. Huyu alihitaji upande wa pili tu.